Meno yaliyosongamana: bei ya kifaa si hesabu yote

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anayetaka kumrekebishia mwanawe meno yaliyosongamana hukuta bidhaa mbili: kifaa kinachogandishwa kwenye meno na kile cha kuvaa na kuvua. Cha pili kwa kawaida ndicho nafuu. Anunuaye lakini afaa ajue analipia nini.

Kifaa cha kuvua ni kibao chembamba cha akriliki kinachokaa kwenye kaakaa, kikishikwa na vikulabu vya waya usioshika kutu, unene milimita 0.7. Springi za waya wa milimita 0.5 ndizo zinazosukuma jino. Daktari huchukua alama ya meno, hutengenezwa sanamu ya plasta, kisha fundi wa maabara hukunja waya kwa mkono. Malighafi huagizwa nje, hivyo kupanda kwa dola humfikia mteja. Taya likiwa finyu, kibao hukatwa kati na kutiwa skrubu. Robo mzunguko hupanua kiasi cha milimita 0.25.

Jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi. Hiyo ni miezi mingi ya kurudi kliniki, na kila safari ni nauli na saa za duka. Wengi hawaiandiki gharama hii daftarini.

Aidha, kifaa hiki hulaza jino tu. Hakiusogezi mzizi sawasawa, wala hakimudu meno mengi yaliyojipinda. Msongamano mkubwa huhitaji kile cha kugandisha, pengine na kung'oa meno kadhaa. Anayeuziwa cha nafuu kwa kazi kubwa atalipa mara mbili. Na mtoto akikiacha mfukoni (watoto ni watoto), meno hurudi yalikotoka. Hata kazi ikiisha, huvaliwa kifaa kingine cha kuyashikilia.

Kwa mtaji, soko lipo wazi. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali binafsi za kibiashara. Marekebisho ya 1991 yakazirudisha. Muhimbili, jirani na Kariakoo, imefundisha madaktari wa meno tangu 1979.

Hata hivyo, wenye hamu ya kuuza vifaa hivi pasipo daktari kumwona mgonjwa waitazame SmileDirectClub ya Marekani. Ilituma kwa posta vibao vya plastiki angavu, nayo Septemba 2019 iliuza hisa kwa dola 23. Siku ya kwanza tu sokoni zilifunga kwa dola 16.67. Septemba 2023 iliomba kinga ya mufilisi, Desemba ikafunga. Wateja waliokuwa katikati ya matibabu waliambiwa watafute madaktari wao, huku waliokopa wakitakiwa kuendelea kulipa.