Majani Makavu katika Nchi ya Mvua

Mgeni apandaye kutoka Kyela kuelekea Mbeya, akipita Tukuyu na mashamba yake ya chai, haoni kando ya barabara ila rangi moja, nayo ni kijani, iliyotanda juu ya migomba, chai, mahindi na viazi, ikapanda hata kwenye misitu ya Mlima Rungwe, ambao kilele chake kinakaribia mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Na akiambiwa kwamba katika kata ya Kinyala, katikati ya neema hiyo yote, wako ng'ombe wa maziwa ambao hukonda kati ya Agosti na Oktoba kwa upungufu wa malisho, hudhani anafanyiwa mzaha. Si mzaha. Kijani cha Rungwe kina hadaa yake, kwa kuwa jicho huona majani mengi mahali ambapo ng'ombe huona makapi, na mfugaji mwenyewe, aliyezaliwa ndani ya kijani hicho, ni mzito kusadiki kwamba majani ni mali ya kuwekewa akiba.

Asili ya neema na asili ya taabu ni moja, yaani mvua. Nchi za jirani na Tukuyu hupata milimita zaidi ya 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho ni zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Pepo za kusi, zile zile ambazo manahodha wa pwani walizingojea ili warejeshe majahazi yao Bara Arabu na Bara Hindi, huku bara huvuka Ziwa Nyasa zikiteka unyevu, na zikikutana na milima hulazimika kuutua mzigo wao. Ndiyo sababu mwezi wa Aprili humwagika maji usiku na mchana, na Mei nayo haina amani. Basi majani hustawi mno katika miezi ile ambayo hayawezi kuanikwa, na jua linapopatikana, Julai na Agosti, tena jua la baridi linalochelewa kuushinda ukungu wa asubuhi, majani yamekwisha kutoa mbegu na kuwa magumu. Protini, ambayo katika majani machanga hupita sehemu 10 katika 100, huweza kushuka katika majani makuukuu chini ya 5, ilhali vijidudu vya tumbo la ng'ombe, ambavyo ndivyo vimyeyushiavyo chakula, hudhoofika ikipungua 7. Ng'ombe wa namna hiyo hula kutwa kucha, tumbo limejaa, na maziwa yanapungua.

Wazee wa Kinyakyusa hawakuwa na mashaka ya aina hii, walakini walikuwa na nchi pana zaidi. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliistaajabia migomba na unadhifu wa makazi yao. Na Monica Wilson, aliyefanya utafiti pamoja na mumewe Godfrey katika nchi hiyo katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 jinsi wavulana walivyochunga ng'ombe wa baba zao, kisha wakajitenga kujenga kijiji chao wenyewe cha watu wa rika moja. Ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa karamu ya matanga, na alikuwa urafiki kati ya nyumba na nyumba. Wala hapakuwa na mtu aliyempelekea majani, kwa kuwa mwenyewe aliongozwa kuyafuata.

Leo mambo yamegeuka. Ardhi imegawanywa kwa warithi hata ikawa vipande, chai imeshika sehemu yake, viazi na maparachichi vimeshika sehemu yao, na machunga yamekwisha. Ng'ombe wa kisasa mwenye damu ya Friesian au Ayrshire hukaa bandani tangu kuzaliwa, na malisho humfuata yeye. Hesabu ya kumfuata si ndogo. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa huhitaji kwa siku kadiri ya kilo 12 za chakula kikavu, na kwa kuwa mabingobingo mabichi yana sehemu 20 tu za ukavu katika 100, na zilizobaki ni maji, sharti apatiwe kilo 60 za majani kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Mizigo hiyo haiji kwa gari. Aghalabu huja juu ya vichwa vya akina mama na watoto waliorudi shule, na kiangazi kinapozidi njia hurefuka, mundu hutafuta kingo za barabara na mipaka ya mashamba ya watu, ugomvi huanza, na mwisho hukatwa shina la mgomba, ambalo karibu lote ni maji, akapewa ng'ombe alitafune. Shina la mgomba lina fadhila ya kumkata kiu. Kumlisha hasa halimlishi.

Katika Ulaya na Marekani mtu akitaja majani makavu yaliyofungwa marobota, msikilizaji humfikiria farasi. Kwetu farasi hakupata makao makubwa, kwa sababu usubi huambukiza maradhi yake makali ambayo humwua kwa siku chache, na ndiyo maana elimu ya kuanika majani imetujia kwa mlango wa ng'ombe. Serikali ina shamba la malisho Vikuge, mkoani Pwani, ambako majani hukatwa na kufungwa kwa mashine. Lakini robota, kwa ukubwa wake, ni jepesi, na lori lililojaa marobota limejaa zaidi hewa kuliko chakula, hivyo kulisafirisha kutoka pwani hata Rungwe ni kununua nauli na kupewa majani kama bahashishi. Karibu zaidi ipo Kyela, nchi ya mpunga, ambako mabua hubaki mashambani baada ya mavuno. Ila mabua ya mpunga ni maskini wa protini kuliko hata majani makuukuu ya kilimani.

Basi mwenye ng'ombe wawili Kinyala, aliye na nusu eka ya kuweka majani, hana budi kuyakausha mwenyewe, na mashine si jambo la kwanza la kufikiri. La kwanza ni jani. Mabingobingo, ambayo ndiyo mfalme wa malisho mabichi, hayafai kuanikwa, maana shina lake nene hubaki na maji wakati ukoga umekwisha kuyashika majani. Na majani ya Guatemala yanayopandwa kwenye kingo yana ila iyo hiyo. Yafaayo ni yale yenye mashina membamba, kama Rhodes, au seteria ambayo huvumilia unyevu, na watu wa utafiti wa mifugo wa TALIRI pale Uyole, mwendo usio mrefu kutoka Tukuyu, ndio wa kuulizwa juu ya mbegu. Wakati wa kukata ni pale masuke ya kwanza yanapochungulia, wala si baadaye, hata kama kungoja wiki tatu zaidi kutaongeza wingi. Tamaa ya wingi ndiyo inayojaza ghala kuni badala ya chakula.

Hukatwa asubuhi umande ukiisha kukauka, kwa mundu au fyekeo, yakatandazwa pale pale kwa wembamba na kugeuzwa mara mbili kwa siku. Katika nchi kavu siku mbili au tatu hutosha. Kinyala ukungu hushuka saa kumi jioni na kuyarudishia majani maji yote yaliyopotea tangu saa nne, na kwa hiyo mwenye busara huyainua juu ya ardhi: hujenga vichanja vya mianzi au miti ya mikaratusi, akayaangika humo ili upepo upite chini na juu, na jioni akayafunika kwa turubai. Kazi hii huonekana ya uchovu kwa mtu aliyezoea kukata na kulisha papo hapo, nami sioni njia ya kuipunguza. Kichanja ndicho kinachotofautisha majani makavu na majani yaliyooza katika mlima huu.

Ukavu hupimwa bila chombo cha thamani. Konzi ya majani husokotwa kwa mikono miwili: maji yakijitokeza penye msokoto, bado, majani yakivunjika kuwa unga, yamepitiliza, na sehemu yenye lishe imeanguka chini. Wako watumiao chumvi kavu: majani yaliyokatwakatwa hutiwa ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi, ikatikiswa dakika mbili tatu, na chumvi ikishikamana, robota lisifungwe. Hadhari hii si ya kupuuzwa. Majani mabichi yaliyobanwa hupata joto ndani kwa ndani, huota ukungu, humkohoza ng'ombe na mtu, na lundo kubwa likipata moto wa kutosha huweza kuwaka lenyewe bila kuguswa na kiberiti.

Kufunga ni kazi ya kasha. Fundi seremala yeyote anaweza kulipiga kwa mbao: halina kitako wala kifuniko, urefu wake sentimita 75, upana 45 na kina 40. Kamba mbili za katani, mmea ambao miche yake ililetwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, hulazwa ndani, ncha zikaning'inia nje. Majani hutiwa tabaka kwa tabaka, mtu akasimama ndani kuyakanyaga, na hapa ndipo watoto wasipohitaji kuitwa mara mbili. Kisha kamba hukazwa na kasha huinuliwa, robota likabaki chini, lenye uzito wa kilo 15 hata 20. Kasha moja laweza kuhudumia nyumba kumi, kwa sababu hakuna nyumba inayolihitaji zaidi ya siku chache kwa mwaka, na kundi la wafugaji wanaopeleka maziwa kituo kimoja halikosi namna ya kulizungusha. Marobota hupangwa juu ya magogo, chini ya bati lisilovuja, mbali na jiko.

Hesabu ya akiba ni hii. Ng'ombe mmoja akipewa kilo 5 kwa siku, ziwe nyongeza ya yale machache mabichi yapatikanayo, tangu mwanzo wa Agosti hata mwisho wa Novemba, atakula kilo 610, yaani marobota baina ya 30 na 40. Nusu eka ya Rhodes iliyowekwa mbolea ya samadi huweza kuyatoa katika mkato mmoja, ikiwa mkato huo umefika kwa wakati, na shida yote imo katika maneno hayo.

Kwa maana shamba likiachwa likue tangu Februari, litakuwa limezeeka siku jua litakapokubali. Hivyo hesabu huanzia mwisho na kurudi nyuma: siku za jua za kuaminika ni za Julai, Rhodes huhitaji wiki sita hata nane kuchipua na kukaribia kutoa masuke, basi katika nusu ya pili ya Mei, mvua ingali ikinyesha, shamba lote hufyekwa hata likabaki vishina, na majani hayo ya Mei, ambayo hayawezi kuanikwa kwa hila yoyote, hulishwa mabichi au hukatwakatwa na kushindiliwa katika mifuko ya nailoni iliyofungwa hewa isiingie, yakawa sileji. Jirani anayeona shamba bichi linafyekwa wakati majani yamejaa kila kona huuliza kama mwenyewe ameuza ng'ombe.