Kuganda, Kujifunga na Kuharibika: Utambuzi wa Hitilafu katika Hifadhidata za Access

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta chanzo cha kukatika ghafla kwa kazi katika programu ya Microsoft Access, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1992, na ambayo baadhi yetu tunaitumia kuhifadhi vidahizo na data za uwandani. Hoja inayotetewa ni kwamba hasara kubwa hutokea baada ya hitilafu, si wakati wa hitilafu yenyewe, na kwamba husababishwa na kuiita kwa jina lisilo lake na hivyo kuipatia tiba isiyoihusu.

2.0 Neno moja, hitilafu tatu

Msaidizi wa mradi anapomwambia mkuu wake, "Mwalimu, kompyuta imegoma," amesema sentensi sahihi kisarufi lakini isiyotosha kwa uchunguzi. Kitenzi *goma* hapa kinabeba mambo matatu: programu imeganda, yaani haijibu lakini ingali wazi, programu imejifunga yenyewe, au programu ni nzima ila faili limekataa kufunguka. Isitoshe, kitenzi hicho humpa mtendwa hiari. Anayegoma hubembelezwa au hulazimishwa, na ndiyo maana watumiaji hubonyeza tena na tena, kisha huzima umeme.

Kitendo hicho cha mwisho ni cha hatari. Mara nyingi kuganda si ugonjwa: ulizo linapitia jedwali kubwa lisilo na faharasa, au kompyuta inaisubiri seva. Umeme ukikatwa wakati Access inaandika, kurasa za faili zenye ukubwa wa kilobaiti 4 huweza kubaki nusu zimeandikwa. Hapo kuganda kumegeuzwa kuwa kuharibika, na aliyekugeuza ni mtumiaji.

3.0 Kabla ya tiba

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba watu wote wametoka, kisha kunakili faili na kuifanyia kazi nakala. Kando ya faili lenye kiambishi .accdb huwapo faili dogo la kufuli, .laccdb, ambalo huorodhesha majina ya kompyuta zilizolifungua. Kwa kawaida hufutika mtumiaji wa mwisho anapotoka. Likibaki ilhali hakuna mtu, ni dalili kwamba kuna aliyetoka vibaya.

Msisitizo huu una sababu. Mwandishi wa makala haya alipata kushuhudia mkusanyiko wa msamiati wa mabaharia uliokataa kufunguka. Amri ya kubana na kukarabati ilitumiwa papo hapo juu ya faili pekee lililokuwapo. Faili lilifunguka na wote wakafurahi. Wiki kadhaa baadaye ilibainika kuwa baadhi ya vidahizo vya herufi M havikuwapo, na wazee waliovitoa hawakuwa hai tena. Ukarabati hauponyi rekodi iliyooza. Unaweza kuitupa ili jedwali lisomeke. Unapokumbana na kasoro huweza kuacha jedwali liitwalo MSysCompactErrors, lakini ni wachache wanaolitazama. Hesabu ya rekodi kabla na baada ya ukarabati, pale inapowezekana kupatikana, ni jambo la lazima.

Kamusi zina udhaifu wa pekee katika suala hili. Maana na mifano ya matumizi huwekwa katika nyuga za maandishi marefu, na maandishi hayo yakizidi kiasi huhifadhiwa katika kurasa nyingine, rekodi ikibaki na kielekezi tu. Kielekezi kikiharibika, kidahizo huonekana kizima lakini fasili yake huwa alama ya kosa au msururu wa herufi zinazofanana na za Kichina.

4.0 Mbinu ya jozi

Wanafonolojia huthibitisha fonimu kwa jozi za mlinganuo finyu: *pata* na *bata* hutofautiana kwa sauti moja tu, kwa hiyo tofauti ya maana haina pa kusingizia pengine. Uchunguzi wa hitilafu hauna mbinu bora kuliko hiyo. Fungua hifadhidata mpya, tupu. Ikiwa Access inajifunga hata hapo, faili la mradi halina hatia. Chunguza programu-jalizi, usakinishaji wa Office, na hata kiendeshi cha printa, kwa kuwa fomu na ripoti hutegemea mpangilio wa printa. Ikiwa ni faili moja tu linaloanguka, lifungue katika kompyuta nyingine. Kisha lifungue huku umeshikilia kitufe cha Shift, ili maagizo ya mwanzo yasitekelezwe. Likifunguka kwa njia hiyo, shuku maagizo hayo au fomu ya kwanza, si majedwali.

Kumbukumbu ya matukio ya Windows husaidia, maana hutaja moduli iliyoanguka. VBE7.DLL huelekeza kwenye msimbo wa Visual Basic. Kisa kimoja kinastahili kutajwa. Office 2010 ilileta toleo la biti 64, na tangu Office 2019 ndilo husakinishwa endapo mtumiaji hakuchagua jingine. Msimbo wa zamani unaoita huduma za Windows hukataliwa mpaka uongezwe neno PtrSafe. Wengi huliongeza na kuishia hapo, wakiacha anwani za kumbukumbu, ambazo sasa ni za baiti 8, katika aina ya Long yenye baiti 4. Kikusanyi huridhika, programu huanguka.

Msimbo ukishukiwa, njia salama ni kuunda faili jipya na kuingiza humo majedwali, maulizo na fomu, kidogo kidogo, mpaka mkosaji ajitokeze.

5.0 Ujumbe usiosema kweli

Lugha ya programu yenyewe nayo hupotosha. Faili la Access haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na linapofikia kikomo hicho huweza kutoa ujumbe wa hoja batili, kana kwamba mtumiaji ameandika upuuzi, wakati kisa ni kujaa. Rekodi zilizofutwa haziachii nafasi mpaka faili libanwe.

Kadhalika, mwaka 2018, baada ya toleo la 1803 la Windows 10, faili nyingi zilizowekwa kwenye seva zilitangazwa kuwa katika hali isiyo thabiti. Chanzo kilikuwa makubaliano ya muda kati ya kompyuta na seva kuhusu nani ahifadhi sehemu ya faili katika kumbukumbu yake. Aliyekarabati faili kila asubuhi alitibu dalili, na kesho yake aliikuta palepale.

Kwa mradi wenye watumiaji zaidi ya mmoja, majedwali yawekwe katika faili moja kwenye seva, na fomu katika faili jingine ambalo kila mtu ana nakala yake. Faili la majedwali lisiwekwe katika folda inayosawazishwa na huduma za intaneti kama OneDrive au Dropbox wakati linatumika: huduma hizo hunakili faili zima bila kuijua kufuli ya Access, na wahariri wawili wanaoshughulikia kidahizo kimoja hupata kamusi mbili.