Sura ya Nne: Chatu Anapokataa Kula

Chatu-mpira aliyekomaa anaweza kukaa miezi mitatu au minne bila kugusa chakula, na mwisho wa mfungo huo akawa mzima kama alivyouanza. Kwa anayemfuga, miezi hiyo ni mateso. Anamwekea panya, panya anabaki vilevile, na moyoni anajilaumu kwamba mnyama anamfia mikononi. Ndipo anapoanza kumbadilishia kizimba, kumshikashika, kumletea panya hai, hata kumsukumia chakula kooni. Sura hii imeandikwa kwa ajili ya mfugaji huyo, kwa sababu huruma isiyomjua nyoka mara nyingi humdhuru kuliko mfungo wenyewe.

Chatu-mpira, kwa jina la kisayansi Python regius, ni mwenyeji wa savana na kingo za misitu kuanzia Senegal hadi Uganda. Majike hufikia urefu wa mita moja na nusu hivi, na madume huwa wadogo zaidi. Akiogopa hang'ati kwanza: hujiviringa akawa donge, kichwa amekificha katikati. Upole huo, pamoja na biashara ya kuwasafirisha kutoka Ghana, Togo na Benin, umemfanya awe miongoni mwa nyoka wanaofugwa kwa wingi majumbani Ulaya na Amerika Kaskazini. Tabia yake ya kugoma kula imemfuata huko huko.

Mwili unaojua kungoja

Sisi na kuku wetu tunakula kila siku kwa sababu miili yetu huzalisha joto lake yenyewe usiku na mchana, na sehemu kubwa ya chakula huishia kwenye kazi hiyo. Nyoka huchukua joto kutoka ardhini, kwenye jiwe au chini ya taa. Mahitaji yake ni madogo tangu mwanzo, na chakula kikikosekana huyapunguza zaidi. Mwaka 2007 mtafiti Marshall McCue, aliyefanya kazi yake katika Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, alichapisha matokeo ya kuwanyima chakula nyoka wa spishi tatu, chatu-mpira akiwa mmojawapo, kwa karibu miezi sita. Wapo walioshusha matumizi ya nishati kwa kiasi cha hadi asilimia 72, na bado miili yao iliendelea kurefuka. Ni kama mpishi anayefukia makaa chini ya majivu: moto haujazimika, ila hauli kuni.

Akishameza, mambo hugeuka. Stephen Secor na Jared Diamond, waliowachunguza chatu wa Burma katika miaka ya 1990, walionyesha kwamba mlo mkubwa sana unaweza kupandisha matumizi ya nishati hadi zaidi ya mara 40 ya kiwango cha mapumziko. Utumbo mwembamba hunenepa karibu maradufu ndani ya siku mbili, na ini na figo nazo huongezeka. Kazi ikiisha, viungo hivyo hunywea tena.

Hapa ndipo ilipo siri ya mgomo. Kwa chatu, kula ni gharama kubwa inayolipwa kabla ya faida kuonekana. Akimeza panya kisha mwili ukakosa joto la kutosha, panya huozea tumboni kabla hajameng'enywa, na nyoka hulazimika kumtapika. Mwenye mwili wa namna hii hapati hasara kubwa kwa kungoja wiki nyingine. Anapata hasara kubwa kwa kula wakati usiofaa.

Anapowinda

Chatu-mpira ni mviziaji wa usiku. Akiwa tayari kula, jioni utamkuta kichwa kimechungulia nje ya maficho, ametulia, ulimi ukitoka na kurudi. Ulimi huo hukusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson, kilicho juu ya kaakaa. Kwenye mdomo wa juu ana vishimo vinavyohisi joto, hivyo hata gizani hutambua palipo na kiumbe chenye damu moto. Shingo hujikunja mfano wa herufi S, kisha huruka mara moja na kujizungusha kwenye windo.

Mfugaji huweza kukosea mahali pawili. Kwanza, mkunjo wa S huonekana pia kwa nyoka aliyetishika. Mwenye hofu hupumua kwa nguvu, hurudisha kichwa nyuma, na macho yake humfuata mtu wala si panya. Pili, kuruka kwa nguvu hakuthibitishi njaa. Nyoka wengi hulidaka windo jingine hata baada ya kushiba, kwa sababu porini hakuna ahadi ya mlo ujao. Anayelisha kila anapoona dalili hiyo huishia na chatu mwenye mikunjo ya mafuta, ngozi imetanuka hadi inaonekana kati ya magamba, na ini limeelemewa na mafuta. Unene huo huua polepole, na kwa kuwa nyoka mnene huonekana ametunzwa vizuri, wengi hugundua wakiwa wamechelewa.

Yanayomzuia

Chatu anapokataa, joto liangaliwe kwanza. Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Kipimajoto kiwekwe pale anapolala nyoka, maana kilichobandikwa juu ya kioo husema habari za kioo.

La pili ni usalama. Porini chatu-mpira hushinda mchana kutwa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu. Kizimba kipana chenye mwanga mkali na kasha moja lililo wazi kwake ni uwanja wa hatari. Mpe maficho mawili yanayombana mwili, moja kila upande, na wengi huanza kula bila dawa yoyote. Aliyehamia nyumba mpya aachwe wiki nzima bila kuguswa kabla ya kupewa mlo wa kwanza.

La tatu ni majira ya mwili. Macho yakiwa na ukungu wa kibuluu, anajiandaa kujivua gamba na haoni vizuri, subiri amalize. Dume hukataa chakula miezi kadhaa wakati wa kupandana. Jike huyazungukia mayai yake kwa muda wa miezi miwili hivi, na kwa kawaida hali kitu.

La nne ni windo lenyewe. Chatu waliotolewa Afrika Magharibi walizoea panya wa kwao, na wengi hawakumtambua panya mweupe wa maabara kuwa ni chakula. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wakaanza kuzalisha panya wa jenasi ya Mastomys, jamii ileile ya panya shamba wanaofukua mbegu za mahindi Tanzania na ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimewachunguza kwa miaka mingi. Harufu yao huamsha nyoka waliogoma muda mrefu.

Mwisho ni ugonjwa: mapovu puani, kupumua mdomo wazi, usaha kinywani, utitiri kati ya magamba, kutapika. Hapo usingoje msimu upite. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka.

Mzani kuliko macho

Kifaa cha thamani kuliko vyote ni mzani wa gramu na daftari. Mpime kila baada ya wiki mbili, andika uzito, tarehe ya mlo na tarehe ya kujivua gamba. Chatu aliyekomaa ambaye hajala miezi mitatu na uzito umesimama palepale hana shida. Mpe maji safi, mjaribu tena baada ya siku kumi au kumi na nne, na katikati umwache apumzike. Akipoteza asilimia kumi ya uzito, au uti wa mgongo ukianza kutokeza, huo si mgomo tena. Kwa mtoto wa nyoka, asiye na akiba, tafuta msaada mapema zaidi.

Windo lisizidi unene wa sehemu pana ya mwili wake. Mchanga hula kila wiki, mkubwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Panya aliyegandishwa huyeyushwa ndani ya jokofu, kisha hupashwa kwa maji ya moto kiasi hadi akaribie nyuzi 38, na hutolewa kwa koleo refu. Panya hai huweza kumng'ata nyoka asiye na hamu na kumwachia madonda makubwa. Baada ya mlo, usimshike kwa saa 48. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari peke yake, tena baada ya njia nyingine zote kushindwa.

Anayefuata haya hatapunguza sana siku ambazo chatu wake anakataa kula, kwa kuwa nyingi kati ya hizo ni za kawaida. Atakachopata ni uwezo wa kuitambua ile moja isiyo ya kawaida, na kuchukua hatua wakati ungali upo.