Kumpokea Atoaye kwa Mara ya Kwanza



Msimu wa korosho ufikapo, makanisa yetu ya Masasi na Newala hupata watoaji wapya. Mkulima aliyelipwa baada ya mnada huja na bahasha. Kijana arudiye kutoka Dar es Salaam huleta mabati. Mama ambaye hajapata kuandikwa katika daftari la zaka huja na kuku. Tunapiga vigelegele, kisha tunawasahau hadi tutakapokuwa na shida tena. Nasema hasa nanyi makatekista, kwa kuwa ninyi ndio mnaowapokea watu hao kabla ya padre.

Mtume Paulo alikuwa kifungoni Wafilipi walipomletea msaada kwa mkono wa Epafrodito. Tusome sura ya nne ya waraka wake kwao. Anakiri kwamba amepokea vyote, na neno la Kigiriki alilolitumia ndilo lililoandikwa na watu wa zama zile kwenye stakabadhi. Anamtaja aliyeleta. Anakumbuka kwamba walimsaidia hata alipokuwa Thesalonike. Wala hawaombi waongeze. Anasema wazi kwamba haitafuti zawadi yenyewe. Barua zetu za shukrani aghalabu huishia na ombi jipya, nami nimeandika nyingi za namna hiyo.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo haina mzaha. Kanuni ya 1267 yaagiza kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu, na kanuni ya 1287 yadai waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa. Basi aliyeleta bati kwa ajili ya kanisa, akiliona limeezeka banda la mbuzi, tumshukuru kwa maneno gani?

Wazee wetu walizoea wafadhili wa mbali. Tangu Wabenediktini walipofungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, misaada mingi ilitoka Ujerumani, na wamisionari waliwaandikia wafadhili wao habari za kazi. Siku hizi mfadhili ni jirani, nasi twadhani jirani hana haja ya kuelezwa.

Miaka mingi iliyopita tulijenga kanisa la kigango upande wa Newala. Mnajua jinsi maji yalivyokuwa adimu kule juu. Akina mama walishuka bondeni gizani na kupanda genge na ndoo vichwani. Bibi mmoja, aliyebatizwa Pasaka ya mwaka ule, alituletea ndoo moja ya maji kila siku kwa majuma mengi. Siku ya kubariki kanisa nilisoma majina ya waliotoa fedha, kuanzia kiasi kikubwa hadi kidogo. Jina lake halikuwamo, maana katika daftari hapakuwa na mahali pa kuandika maji. Katekista alinionyesha kosa langu jioni. Bibi alikuwa amekwisha kuondoka kabla ya chakula.

Kesho yake tulimwendea. Niliketi mkekani, nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba sakafu ya altare ilimwagwa kwa maji yake. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Baba Padre, haikupasuka?" Nikamjibu kwamba haikupasuka. Akasema angependa kuiona. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, katekista alimshika mkono akampeleka mbele. Bibi akainama, akaigusa kwa kiganja.

Tangu siku ile tuliliongezea daftari letu safu ya maji, ya mchanga na ya siku za kazi. Kila jina jipya lilipoandikwa, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo alimtembelea mtu huyo nyumbani kabla juma halijaisha. Alikwenda mikono mitupu, bila bahasha wala kadi ya mchango, akamweleza kitu chake kimewekwa wapi.