Kuotesha Pareto kwa Mbegu

Pareto hulipwa kwa nguvu ya dawa iliyomo katika maua, si kwa uzito peke yake. Basi usiokote mbegu ovyo kwa jirani: wadudu huchanganya unga wa maua, na mche huweza kuwa tofauti kabisa na mama yake. Nunua mbegu zilizochaguliwa.

Mbegu hizi ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu, uzisie kitaluni, uzifunike kwa udongo kidogo na nyasi kavu. Nyunyiza maji polepole. Zikichipua, ondoa nyasi mara moja. Wengi huchelewa hapa, miche ikarefuka bure na kudhoofika.

Baada ya miezi 3 au 4, mvua ikishika, hamisha miche shambani, futi 1 kati ya mche na mche, futi 2 kati ya mistari. Usiufukie moyo wa mche, utaoza.