Kabla ya Marumaru, Nakili Maandishi ya Kaburi

Familia nyingi za Tarime na Serengeti huzika nyumbani. Makaburi mengi ya wazee yaliandikwa na fundi kwa msumari au kijiti, saruji ikiwa bado mbichi: herufi hazilingani, mwaka umebanwa pembeni kwa kukosa nafasi. Leo wajukuu wenye uwezo wanayajengea upya kwa marumaru. Ni heshima kubwa, lakini saruji ile ikishavunjwa, maandishi yamekwenda, na kwa mzee ambaye hakuwahi kuwa na cheti chochote, huenda hakuna kumbukumbu nyingine.

Hayo yaliwapata Waingereza zamani. Tangu karne ya 13 watu wao wenye mali waliwekewa makanisani mabamba ya shaba iliyochanganywa na zinki, yamechongwa sura ya marehemu, mavazi yake na jina. Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa, kati ya 1536 na 1540, mabamba mengi yaling'olewa na kuuzwa. Mengine yaligeuzwa, marehemu mwingine akachongwa upande wa pili! Baadaye wapenda historia walishika kazi ya kuyanakili kwa karatasi na nta nyeusi ya mafundi viatu, na mwaka 1887 kikaanzishwa chama chao, Monumental Brass Society. Yako mabamba yaliyopotea kabisa, ikabaki nakala tu.

Njia yenyewe watoto wetu wanaijua: shilingi chini ya karatasi, penseli juu. Kwa kaburi, omba kwanza ruhusa ya wenye mji. Futa vumbi kwa brashi laini. Usitumie brashi ya waya wala sabuni. Tandika karatasi imara, zile kubwa za semina zinafaa, uibane kwa selotepu isichezecheze, maana ikisogea kidogo tu jina linatoka mara mbili. Laza kreyoni nyeusi ubavu, usugue kwa wepesi kuanzia katikati, kisha ukaze polepole. Palipochimbwa patabaki peupe. Nyuma ya karatasi andika kijiji, tarehe na jina la aliyenakili.

Saruji ikimomonyoka ukiigusa kwa kidole, acha kabisa kusugua. Piga picha kwa simu mnamo saa kumi na moja jioni, jua likipiga kwa ubavu. Kivuli kitajaa ndani ya herufi na utasoma usichokiona adhuhuri.

Onyo moja ninalisema kwa mkazo: njia hii ya kusugua isitumike kamwe kwenye michoro ya rangi, kama ile ya ngao za Wamaasai katika miamba ya Moru, ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Pale hakuna kilichochimbwa, ni rangi juu ya jiwe, na kuisugua ni kuifuta. Itazame, ipige picha, mikono ibaki mbali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama fundi wa marumaru ameshapewa kishanzu, mwombe asubiri siku moja, ukanakili jina la babu kwanza.