Kompyuta Ikigoma: Okoa Faili Kwanza, Programu Baadaye

Mwaka 2018 njia ya umeme wa gridi ya Taifa kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika, na Madaba ikapata kituo cha kupoza umeme. Leo kompyuta haipatikani ofisini tu. Imo katika nyumba ya mwalimu, katika duka la kuchapa barua na kutoa nakala, na mezani kwa katibu wa chama cha ushirika. Ndani yake mna mitihani, hesabu za wanachama, nakala za vyeti na picha za wazazi waliokwisha kututoka.

Siku moja umeme hukatika na kurudi kwa nguvu, kisha kompyuta hiyo haiwaki, au huishia kwenye skrini nyeusi. Mwenye nayo huipeleka kwa fundi na kumwambia neno moja tu: "Naomba iwake." Fundi "hupiga Windows", kompyuta huwaka, lakini faili za miaka mitano hazimo. Fundi amefanya alichoagizwa. Kosa lilikuwa katika agizo lenyewe. Makala hii inaeleza namna ya kulitoa agizo hilo vizuri.

Kugoma si kupotea

Mtumiaji atenganishe mambo mawili: mfumo endeshi, kama vile Windows, na faili zake mwenyewe. Mfumo endeshi ukiharibika unaweza kuwekwa tena. Faili ulizoziandika wewe hazipatikani dukani.

Mara nyingi kompyuta inapogoma, faili bado zimo ndani ya diski. Hata faili iliyofutwa kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka haiondoki papo hapo; kinachoondolewa ni maelezo ya mahali ilipo, na nafasi yake huhesabiwa kuwa tupu. Hupotea kabisa pale kitu kingine kinapoandikwa juu yake. Kuweka Windows upya ni kuandika juu ya diski. Kwa diski za kisasa za SSD hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa nyingi husafisha zenyewe nafasi zilizofutwa.

Hatua za kufuata

1. Zima kompyuta, na usiwashe tena na tena kwa kujaribu. Ukisikia diski ikigonga au kukwaruza, imeumia yenyewe, na kila dakika inapozunguka huzidisha madhara.

2. Mweleze fundi, ikiwezekana kwa maandishi: "Toa faili zangu kwanza. Usifute wala kufomati diski kabla sijazikagua." Andika pia majina ya faili muhimu na mahali ulipozihifadhi.

3. Diski ikiwa nzima, fundi anaweza kuitoa na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB, au kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama Ubuntu, na kunakili faili. Kwa faili zilizofutwa zipo programu za bure za kuzitafuta, kama PhotoRec. Faili zinazookolewa ziwekwe kwenye diski nyingine, kamwe zisiwekwe kwenye ileile zinakotolewa.

4. Zifungue mwenyewe faili kadhaa kabla ya kuruhusu kazi iendelee. Jina la faili kuonekana si uthibitisho kwamba faili inafunguka.

5. Tafuta nakala kwingineko: barua pepe ulizotuma, WhatsApp, simu yako, na flashi uliyopeleka kuchapisha.

Kompyuta ikidai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft. Bila ufunguo huo, faili zilizofungwa hazisomeki.

Kuweka programu upya

Faili zikishakuwa salama, ndipo Windows iwekwe. Flashi ya kuiwekea iwe na angalau GB 8, na programu ichukuliwe kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Utaratibu mzuri ni huu: Windows kwanza, kisha draiva, masasisho, kinga ya virusi, programu za kazi, na mwisho kabisa faili zako. Kompyuta iliyokuwa na leseni halali ya Windows 10 au 11 kwa kawaida huitambua leseni hiyo tena ikiunganishwa na intaneti, mradi ubao wake mkuu haujabadilishwa. Ukidaiwa fedha za leseni mpya, uliza sababu. Aidha, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Uliza unawekewa toleo gani.

Haki zako

Dai makadirio ya gharama kabla ya kazi, na risiti baada yake. Diski ikibadilishwa, ile ya zamani ni mali yako; ichukue. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zako. Mwombe fundi afute nakala zote alizobaki nazo.

Kabla ya siku hiyo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza kwamba daftari moja nalo halitoshi. Weka nakala tatu za faili muhimu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja nje ya nyumba, iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu unayemwamini. Diski ya nje ichomolewe baada ya kunakili, kwani hitilafu ya umeme inayoua kompyuta huweza kuiua na diski iliyochomekwa. Chagua siku moja kila mwezi kwa kazi hiyo. Huchukua muda mfupi kuliko safari moja ya kwenda Songea kutafuta fundi.